Usimlaumu shabiki kwa kiti kitupu

KILA timu ya nyumbani inapocheza mbele ya viti vitupu, wewe shabiki ndiwe wa kwanza kulaumiwa. Huna uzalendo. Unapenda Arsenal kuliko timu ya mtaa wenu. Unangoja washinde ndipo uvae jezi. Umeyasikia haya redioni, umeyasikia kwa wasimamizi wa klabu, na pengine umeyasikia kwa mjomba wako ambaye mara ya mwisho kuingia uwanjani ilikuwa enzi za Moi.

Leo nataka tutoke Nairobi kidogo, twende Chicago, Marekani, tutazame mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi: hoki ya barafuni. Najua. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kuhifadhia samaki Gikomba. (Ingawa, kusema kweli, Kenya tunayo timu. Inaitwa Ice Lions, vijana waliojifunzia mchezo huo kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli moja Mombasa Road. Mwaka wa 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby, na 2024 Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.) Nivumilie, bana. Kisa cha Chicago kinatufaa kwa sababu kinaonyesha waziwazi ni nini humfukuza shabiki uwanjani na ni nini humrudisha.

Chicago Blackhawks si timu ya juzi. Ni moja kati ya sita ambazo, kuanzia 1942 hadi 1967, ndizo pekee zilizounda ligi ya NHL. Uwanja wake wa zamani, Chicago Stadium, ulifunguliwa mwaka wa 1929 na ulikuwa na kinanda kikubwa kilichosikika hadi nje. Mashabiki wake walikuwa na mazoea, ambayo yapo hadi leo, ya kushangilia kwa sauti zote wimbo wa taifa unapoimbwa badala ya kutulia tuli. Mwaka wa 1994 timu ikavuka barabara na kuingia kwenye jumba jipya, United Center, pamoja na Chicago Bulls. Ndiyo, Bulls hao hao wa Michael Jordan. Jioni moja barafu inafunikwa kwa mbao na vikapu vinasimamishwa. Jioni nyingine mbao zinaondolewa na magongo yanarudi.

Sasa sikia. Kufikia msimu wa 2006-07, jumba hilo linaloketisha zaidi ya mashabiki 19,000 wa hoki lilikuwa likipata chini ya 13,000 kwa wastani. Wale wanaolipia tiketi ya msimu mzima walikuwa wamebaki kama 3,400 hivi. Hili ni jiji la tatu kwa ukubwa Marekani, lenye baridi kali ambayo humfundisha mtoto kuteleza barafuni kabla hajajua kuendesha baiskeli. Mwaka wa 2004 ESPN ilikuwa imeitaja Blackhawks kuwa klabu mbaya kuliko zote katika michezo ya kulipwa. Si katika hoki tu. Michezo yote.

Mashabiki walienda wapi?

Aliyeongoza klabu tangu 1966 ni Bill Wirtz, tajiri ambaye watu walimpachika jina la "Dollar Bill", na hawakuwa wakimsifu. Wirtz alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuna aliyeweza kumtoa: mechi za nyumbani hazionyeshwi kwenye runinga za Chicago. Za ugenini ungeziona. Lakini timu yako ikicheza hapo jijini kwenu, kilomita chache kutoka sebuleni kwenu, skrini ilikuwa giza, labda kama kituo cha kitaifa kingeichukua mechi hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba si haki kumuuzia mtu tiketi ya msimu halafu jirani yake atazame bure. Mapema miaka ya 1990 klabu ilijaribu hata kuwauzia watu mechi hizo kwa malipo ya ziada, kama vile tunavyouziwa bando.

Ukiitazama haraka, hoja ya Wirtz ina akili ya dukani. Ficha bidhaa, anayeitaka atakuja. Shida ni kwamba shabiki hazaliwi langoni akiwa na tiketi mkononi. Shabiki hutengenezewa nyumbani, na hutengenezwa polepole. Anamwona baba au dada akirusha mto kwenye ukuta kwa hasira. Anajifunza majina. Anachagua mchezaji wake. Anabishana shuleni Jumatatu. Miaka kumi baadaye, akipata mshahara wake wa kwanza, hahitaji kushawishiwa. Anatafuta tiketi mwenyewe.

Chukua mtoto wa Chicago aliyekuwa na miaka tisa mwaka wa 1997. Kila majira ya baridi kulikuwa na mechi 41 za nyumbani ambazo hakuziona. Kwenye runinga alimwona Jordan. Alipofikisha miaka 19 na kuanza kushika pesa zake, Blackhawks walikuwa wageni kwake. Huyo hakuacha kwenda uwanjani. Hakuwahi kuanza. Na klabu ikimhesabu, inamwita shabiki aliyepotea!

Hapo kwetu pia kuna wanaoamini kwamba runinga ndiyo inayomaliza viwanja. Mimi nawauliza: SuperSport ilipojitoa kwenye ligi yetu mwaka wa 2017, mechi zikapotea kwenye skrini, je, nyasi zilikanyagwa na umati? Viti vilijaa? Unayajibu mwenyewe.

Kosa la pili la Wirtz liliuma zaidi, kwa sababu lilikuwa na sura na majina. Jeremy Roenick, aliyekuwa akifunga mabao 50 kwa msimu, akapelekwa Phoenix mwaka wa 1996. Kipa Ed Belfour akauzwa San Jose 1997, na miaka miwili baadaye akawa ameshinda Kombe la Stanley na Dallas. Halafu ikafika Machi 1999. Chris Chelios, nahodha, kijana wa pale pale Chicago, akapelekwa Detroit.

Detroit! Kama hujui uhasama wa miji hii miwili, piga picha AFC Leopards wakimshika mkono nahodha wao aliyekulia Kakamega na kumkabidhi Gor Mahia wiki chache kabla ya msimu kuisha. Halafu akae huko miaka kumi na ashinde makombe mawili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kutoka 1998 hadi 2008 Blackhawks walifika awamu ya mchujo mara moja tu, mwaka wa 2002, ilhali kabla ya hapo hawakuwa wamekosa kwa misimu 28 mfululizo.

Hapa kuna msee ameshanikatiza: si basi ni kufungwa tu kumewafukuza? Timu mbaya, watu hawaji. Wacha tuangalie Toronto kwanza. Maple Leafs hawajaligusa Kombe la Stanley tangu 1967. Wajukuu wa waliosherehekea siku hiyo wana watoto. Na bado tiketi yao ni miongoni mwa zile ghali na ngumu kupatikana katika ligi nzima. Mashabiki wao wanalia, wanatukana, wanaapa hawatarudi, na Jumamosi wako hapo. Kwa hivyo shabiki anaweza kuvumilia kichapo. Muulize yeyote wa Ingwe.

Kinachomshinda ni kichapo kutoka kwa mwenye timu. Ukifungwa na mpinzani, unaumia pamoja na wachezaji. Lakini mmiliki akiuza nahodha, akakufichia mechi, akapandisha bei ya maegesho, kisha akakuambia kama unaipenda timu utakuja tu, hapo umefungwa na mtu wako mwenyewe. Na mtu aliyedharauliwa mara nyingi hapigi kelele. Anatafuta kitu kingine cha kufanya Jumapili.

Bill Wirtz alifariki Septemba 2007. Siku chache baadaye, kwenye mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu, klabu ikaomba watu wamkumbuke marehemu. Mashabiki wakazomea.

Nimelifikiria jambo hili sana. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na hata adui yako ukimzika unatafuta neno moja jema la kusema. Mimi singezomea. Ila nakuomba uhesabu kidogo: hao waliozomea ni wale waliokuwa wamenunua tiketi. Ni wale waliobaki, wavumilivu, wenye kuipenda timu kiasi cha kulipa katika mwaka mbaya kama huo. Kama hasira yao ilikuwa hivyo, fikiria ya wale maelfu waliokuwa nyumbani. Kwa miaka mingi klabu ilikuwa imeona viti vitupu na kuvisoma kama uvivu wa watu, kumbe vilikuwa hasira iliyokaa kimya.

Mwanawe, Rocky Wirtz, akashika usukani. Msimu huo huo baadhi ya mechi za nyumbani zikaanza kuonyeshwa, na msimu uliofuata zikaonyeshwa zote. Akamleta John McDonough kutoka klabu ya besiboli ya Cubs kuwa rais wa klabu. Akawaita wazee, magwiji kama Bobby Hull, Stan Mikita na Tony Esposito, wakawa mabalozi. Wengine wao walikuwa wamekaa mbali na klabu kwa miaka. Tarehe 1 Januari 2009 mechi ikachezewa nje, kwenye uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, dhidi ya Detroit.

Nitakuwa mwongo nikisema runinga ndiyo iliyofanya kazi yote. Mwaka huo wa 2007 ndio vijana wawili, Patrick Kane na Jonathan Toews, walianza kuichezea Blackhawks, na talanta ya namna hiyo hujaza viti hata ukiwa na meneja mlevi. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Tiketi zilianza kuisha kabisa Machi 2008, katika msimu ambao timu ilikosa mchujo tena. Msimu uliofuata wakaongoza ligi nzima kwa idadi ya watazamaji. Kombe lilikuja 2010, la kwanza tangu 1961. Viti vilitangulia, kombe likafuata. Makombe mengine yakaja 2013 na 2015, na waliolipia tiketi za msimu wakafika karibu 14,000.

Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa hadithi tamu ya mtoto aliyesahihisha makosa ya baba. Haikuishia hapo.

Mfululizo wa kuuza tiketi zote ulifika mechi 535 na kukatika Oktoba 2021. Wiki hiyo hiyo ripoti ya mawakili ikatoka. Ilionyesha kwamba mwaka wa 2010, timu ikiwa katikati ya kuwania kombe, wakubwa wa klabu waliketi kikao na kuambiwa kuwa kocha wa video alidaiwa kumdhulumu kingono mchezaji kijana. Walinyamaza kwa karibu wiki tatu, hadi kombe likapatikana. Mchezaji huyo, Kyle Beach, alijitokeza mwenyewe kwa jina na sura. Klabu ilipigwa faini ya dola milioni 2. Na kwenye kikao cha wazi Februari 2022, wanahabari walipomuuliza Rocky Wirtz ni hatua gani zimechukuliwa, aliwakemea na kusema hawatalizungumzia. Jioni hiyo akaomba msamaha, lakini watu walikuwa wameshamsikia.

Timu ilikuwa ikifanya vibaya pia, na korona ilikuwa imevuruga mambo, kwa hivyo sitasema kila kiti kilichobaki wazi msimu ule kilikuwa cha mtu aliyekasirikia ripoti. Hata hivyo, kuna watu walioweka jezi zao kabatini kwa sababu hiyo, na mimi ningekuwa mmoja wao. Jina la kocha huyo liliandikwa kwenye Kombe la Stanley pamoja na mabingwa wengine. Leo ukilitazama kombe utaona mahali hapo pamefutwa kwa safu ya herufi X.

Nje ya Chicago kuna kisa kingine ambacho nitakipitia mbio, kwa kuwa kinamhusu kila mtu anayepanda mathree. Arizona Coyotes walihamia jumba la Glendale, magharibi mwa Phoenix, mwishoni mwa 2003. Jumba zuri, lakini sehemu kubwa ya mashabiki wao waliishi upande wa mashariki. Siku ya kazi, mechi inaanza saa moja jioni, umetoka ofisini, barabara imefungana, unavuka jiji zima uende na urudi. Mara moja utaenda. Mara kumi? Mwaka wa 2009 klabu ikafilisika. Baadaye wakatofautiana na mji uliomiliki jumba, wakahamia uwanja wa chuo kikuu wenye viti chini ya 5,000. Mei 2023 wapiga kura wa Tempe wakakataa mpango wa kuwajengea uwanja mpya, na 2024 timu ikabebwa hadi Salt Lake City. Watu wengi walisema jangwani hakuna mashabiki wa hoki. Walikuwepo. Walikuwa wamekwama kwenye jam.

Sasa rudi nyumbani. Agosti 2025 Kasarani ilijaa wakati wa CHAN. Harambee Stars waliwachapa DR Congo, Morocco na Zambia, kila mmoja bao moja kwa nunge. Watu walikuwa wengi na usalama langoni ukalegea hadi CAF ikalazimika kupunguza idadi ya wanaoruhusiwa kuingia. Yaani shida yetu mwezi ule haikuwa viti vitupu, ilikuwa ni kuzuia watu! Wale walikuwa nani? Walikuwa ni wewe, yule asiye na uzalendo, mpenda Arsenal. Ratiba ilijulikana mapema, mechi zilionekana kila mahali, kulikuwa na polisi, kulikuwa na taa, kulikuwa na kitu cha kuzungumzia kazini kesho yake.

Linganisha na Jumapili ya kawaida ya ligi. Unasikia kuna mechi. Unatafuta itachezewa wapi, kila mtu anakupa jibu lake. Ijumaa jioni unaambiwa imehamishwa. Unapanda gari mbili. Ukifika, lango ni moja na foleni ni ndefu, kijana mmoja anakata tiketi kwa mkono na hana chenji. Ndani, choo cha wanawake kimefungwa kwa kufuli na hakuna anayejua ufunguo uko wapi. Mpira ukiwa wa kasi unaburudika kweli, sikatai. Halafu dakika ya 80 refa anapeana penalti, mawe yanaanza kuruka, na wewe umekuja na dada yako mdogo.

Dada yako hatarudi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana hakuna atakayemhesabu. Yeye hataandika barua kwa klabu. Hatapiga simu redioni. Akiulizwa atasema tu kwamba yeye si mtu wa mpira, na miaka kumi ijayo watoto wake watajua majina ya wachezaji wa Liverpool wote kumi na mmoja.

Kwa hivyo wakikuuliza kwa nini huji, usijibu kwa aibu, na usijibu kwa matusi pia. Jibu kwa vitu vinavyoshikika. Waambie ratiba itoke wiki mbili kabla na isihamishwe. Waambie tiketi iuzwe kwa simu na uione pesa imeingia kwa klabu. Waambie wafungue choo. Waulize waliorusha mawe mechi iliyopita walichukuliwa hatua gani, majina na adhabu. Waambie mechi ionyeshwe, hata kama ni kwa simu ya mtu aliyesimama juu ya kiti, ili mtoto wa jirani ajue jina la namba tisa wenu.

Na nyinyi mnaosimamia klabu, mechi ijayo ni wikendi hii. Leo ni Alhamisi. Itachezewa wapi?